Kinyago cha uso wako kwa plasta: bandeji, aljineti au silikoni?

kinyago_ukutani
Wakuu, nataka nakala ya uso wangu kwa plasta, ya kutundika ukutani. Naona kuna njia tatu: bandeji ya POP (plasta ya Paris, unga mweupe unaoganda ukichanganywa na maji), aljineti ya madaktari wa meno (unga wa mwani wa kuchukulia alama), na silikoni. Ipi inashika sura vizuri bila gharama ya kipuuzi? Na je, plasta ya maji inaweza kumiminwa usoni moja kwa moja?

chaki_na_kalibu
Nianze na la mwisho: usithubutu. POP ikiganda inatoa joto, na donge nene linaweza kufika nyuzi 60. Mwaka 2007 huko Uingereza msichana wa miaka 16 alizamisha mikono kwenye ndoo ya plasta darasani, akapoteza vidole vingi. Bandeji ni nyembamba, joto lake linatoka haraka.

Kwa kazi ya ukutani, bandeji inatosha. Ni hii hii ya kufungia hogo (mfupa uliovunjika) hospitalini, duka la dawa wanayo. Roli mbili za sm 15 kwa mita 2.7. Kata vipande vya sm 3 kwa 10, na vingine vidogo vya pua. Paka vaselini uso mzima. Nyusi, kope na ndevu zipakwe hadi zilale kabisa. Chovya kipande sekunde chache, kamua kwa vidole viwili, laza, kisha SUGUA mpaka vitundu vya wavu wa bandeji vijae uji wa plasta. Wengi wanaharibia hapo: wasiposugua, nakala inatoka na alama za wavu kama imelalia mkeka. Anza paji, shuka mashavuni na kidevuni, pua iwe mwisho. Tabaka tatu, ukingoni nne. Baada ya dakika 10 hadi 15 kunja kunja uso kwa ndani, hewa iingie, itaachia yenyewe.

pua_wazi
Naongezea: mirija ya soda puani achaneni nayo. Inatanua tundu la pua, na ikiguswa kidogo tu inaumiza. Acha matundu wazi; yale ya kalibu, likishatoka usoni, utayaziba kwa udongo wa mfinyanzi kwa nje kabla ya kumimina. Lenzi za macho zitolewe. Na usifanye peke yako, awepo msaidizi. Mkubaliane ishara, kidole juu maana yake bandua sasa hivi.

Usilale chali pia. Mashavu yanakimbilia masikioni na sura inatoka bapa. Kaa umeegemea, kama kwenye kiti cha kinyozi.

mwani_mweusi
Chaki, kwa heshima zote, bandeji inakupa umbo, sura haikupi. Ukitaka mistari ya midomo na vinyweleo vya ngozi, ni aljineti. Gramu 450 hadi 500 kwa uso mmoja, ikorogwe iwe nzito kama mtindi. Ya meno inaganda dakika mbili tatu, na maji yaliyopata joto la Dar yanaiharakisha zaidi, kwa hiyo weka maji kwenye friji kwanza. Kabla haijaganda, bandika pamba juu yake ili ganda la bandeji lipate pa kushika. Usipofanya hivyo, vitu viwili vinaachana ukibandua.

(Msije mkakimbilia mwani wa Zanzibar. Ule ni mwekundu, unatoa karajini. Aljineti inatoka kwenye mwani wa kahawia.)

chaki_na_kalibu
Sawa, lakini mwambie na ubaya wake: inatoa nakala moja tu, na inaanza kusinyaa ikipoteza maji. Plasta imiminwe ndani ya saa moja, la sivyo aljineti ifunikwe kitambaa kibichi.

mwani_mweusi
Hilo kweli. Silikoni ndiyo ya nakala nyingi, ila iwe ile ya platinamu (inayogandishwa kwa platinamu) iliyoandikwa salama kwa ngozi. Ya dukani ya kuzibia madirisha si ya uso. Ukivaa glovu za mpira wa kawaida, ile ya platinamu inabaki inanata na haigandi. Kwa nakala moja, bei yake haina maana.

kinyago_ukutani
Basi naenda na bandeji. Kumimina ndani yake je? Plasta kwa plasta si itagandana?

pua_wazi
Itagandana moja kwa moja, usipoweka kizuizi. Sabuni ya mche iliyoyeyushwa, paka mara tatu, kila mara ikauke. Halafu lita moja ya maji kwa kilo moja na nusu ya POP. Nyunyiza unga kwenye maji, siyo kinyume. Subiri dakika mbili unga unyonye maji, ndipo ukoroge polepole. Ukikoroga kwa fujo unatengeneza mapovu, nayo yanakaa puani. Mkono wa kwanza paka kwa brashi, ndipo umimine. Unene wa sm 2 unatosha, na nyuzi za mkonge zilizochambuliwa zikiwekwa katikati hakivunjiki kirahisi. Pachika waya wa kutundikia wakati bado uji.

Ndoo iwe safi. Mabaki ya plasta ya jana yanaigandisha ya leo kabla hujamaliza kukoroga. Na usiyamwage kwenye sinki.

chaki_na_kalibu
Ukienda dukani, usipewe jipsamu ya kuzibia maungio ya dari. Hiyo imetiwa dawa ya kuchelewesha kuganda. Omba POP yenyewe, na mfuko ukiwa na mabonge umeshakula unyevu, uache.