Vocha ya mbolea ya wakati wa korona: uliipata au ulizungushwa? Tupeane uzoefu

Wakulima wenzangu, mnakumbuka tarehe 23 Mei 2020? Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuinua uchumi, na bilioni 3 kati ya hizo zikawa za pembejeo kwa vocha za kielektroniki, zilizolenga wakulima wadogo 200,000. Ukigawa sawasawa ni 15,000 kwa mkulima. Si haba. Ila siku ya tangazo mahindi yangu yalikuwa yashafika magotini, na mbolea ya kupandia nilikuwa nimeikopa tangu Machi.

Naanza mimi. Mabaraza yalikuwa yamepigwa marufuku, kwa hiyo mzee wa kijiji alipita nyumba hadi nyumba, barakoa kidevuni, akatuandika kwenye daftari lililolowa chai pembeni. Jina, kitambulisho, namba ya simu, ekari. Ujumbe ulinifikia vuli ikinukia. Hapo ndipo nikajua kwamba vocha si pesa: unatanguliza sehemu yako, serikali inajazia. Nikauza mbuzi jike aliyekuwa na mimba ili nipate kusaidiwa. Mbolea nilibeba, sikatai, na mahindi yalikubali. Bado namkumbuka yule mbuzi.

Haya, leteni yenu.

Mama wa Ekari Moja: Mimi laini yangu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mwanangu. Jina kwenye daftari ni langu, jina kwenye simu ni lake. Nikaambiwa nirudi Jumatatu. Nimerudi Jumatatu tatu, na matatu zikibeba watu wachache nauli ilikuwa imepanda. Hesabu nauli hiyo, utapata kilo kadhaa za mbolea.

Mfugaji: Mimi sikujiandikisha hata. Shida yangu ilikuwa maziwa. Shule zimefungwa, hoteli zimefungwa, kafyu saa moja jioni, maziwa ya jioni nani atayafuata? Ndama walinenepa mwaka huo mpaka wageni wakauliza nawalisha nini.

Wa Bondeni: Sisi tulikuwa na maharagwe machanga ya kupeleka Ulaya. Ndege za abiria ziliposimamishwa tarehe 25 Machi, wakala alizima simu. Haragwe likikaa siku mbili zaidi shambani linakomaa, halina mnunuzi tena. Tuliwapa ng'ombe. Kulikuwa na bilioni 1.5 za wakulima wa maua na mboga za nje, lakini kijijini kwetu tulizisikia redioni tu.

Kijana wa Shamba la Baba: Mimi nilipata bila taabu, msinichukie. Ila duka la pembejeo tulilopangiwa lilikuwa limebakiwa na mbolea ya kukuzia tu, na mimi ndiyo kwanza napanda. Nikachukua hivyo hivyo, nikabadilishana na jirani gunia kwa gunia. Yeye alikuwa na shida iliyo kinyume na yangu.

Mfugaji: Kumbe nyinyi wawili ndio mlikuwa wizara.

Mwanzilishi: 😂 Mama wa Ekari Moja, laini ulibadilisha hatimaye?

Mama wa Ekari Moja: Nilibadilisha. Ujumbe uliingia mahindi yakitoa mbelewele. Ninao hadi leo kwenye simu, sijaufuta.