Corolla limegoma kuwaka baada ya betri kuhamishiwa kwenye buti: naomba ushauri

Mleta uzi

Wakuu, habari zenu. Nina Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, gari ambalo halikuwahi kunisumbua kuwaka. Wiki iliyopita fundi alihamishia betri kwenye buti ili ipatikane nafasi ya kufunga chujio kubwa la hewa. Waya mwekundu umepitishwa chini ya kapeti hadi kwenye stata (mota inayozungusha injini ili iwake), na waya mweusi umefungwa kwa bolti kwenye bodi, humo humo ndani ya buti.

Tangu hapo nikizungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka vizuri na honi inalia kwa nguvu, lakini stata inatoa mlio mmoja tu wa "ta" kisha inanyamaza. Betri ni mpya, na ikiwa imetulia inasoma volti 12.6. Fundi anasema stata imekufa, ninunue nyingine. Jambo moja linanitatiza: nikijaribu kuwasha mara kadhaa mfululizo, nasikia harufu ya plastiki inayoungua karibu na kebo ya aksereta. Naombeni ushauri kabla sijatoa fedha.

Dereva wa Masafa

Pole, mkuu. Mlio mmoja bila injini kuzunguka mara nyingi ni brashi za stata zilizokwisha. Ifunguliwe ikaguliwe kwanza, maana brashi ni bei ndogo kuliko stata nzima.

Umeme wa Magari

Mkuu, naomba usiiguse stata kwanza. Stata iliyokuwa nzima asubuhi haifi jioni kwa sababu betri imehama, na hiyo harufu uliyoitaja ndiyo inayonipa picha kamili.

Injini imekalia raba, kwa hiyo haina mgusano wa kutegemewa na bodi. Betri ilipokuwa mbele, waya wa hasi ulikuwa na matawi mawili, moja la bodi na jingine linalokwenda moja kwa moja kwenye injini au gia boksi. Nina hakika fundi aliuondoa waya huo pamoja na betri, akaweka ethi (muunganisho wa hasi) ya bodi peke yake kule nyuma. Taa na honi zinachukua ampea chache na ethi zao ziko kwenye bodi, ndiyo maana hazilalamiki. Stata ya injini kama hiyo inataka ampea 100 hadi 200 kwa mkupuo, na umeme huo, ukikosa njia ya kurudi kutoka kwenye injini, unajipenyeza kwenye chochote chenye chuma kinachounganisha injini na bodi, ikiwemo kebo ya aksereta. Kebo hiyo inapata moto na ganda lake linaanza kuyeyuka, kwa hiyo acha kabisa kujaribu kuwasha mpaka upime.

Chukua mita ya kupimia volti, weka ncha moja kwenye terminali ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako apige stata kwa sekunde mbili tu. Isizidi nusu volti. Rudia kati ya terminali ya chanya na bolti nene ya stata.

Mleta uzi

Nashukuru sana, mkuu. Upande wa chanya umesoma volti 0.2, lakini upande wa hasi mita imepanda hadi karibu volti 9. Nimeunga waya mmoja wa kuboosti kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi, na gari limewaka papo hapo. Je, sasa nifunge kitu gani cha kudumu?

Umeme wa Magari

Funga waya wa shaba wa milimita za mraba 35 kutoka kwenye gia boksi hadi kwenye bodi. Pale bolti inapokaa, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu yake kuzuia kutu. Fanya hivyo hivyo kule kwenye buti, maana mafundi wengi hufunga ethi juu ya rangi. Kagua pia nyuzi za waya mwekundu: ukikwangua uzi mmoja ukaona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na kwa umbali huo haifai.

Mama Gereji

Naongeza la usalama. BMW E46 inatoka kiwandani betri ikiwa kwenye buti, lakini ina bomba la kutolea gesi nje. Betri ya kawaida ya tindikali hutoa haidrojeni inapochajiwa, hivyo iweke ndani ya boksi lenye bomba la kutokea nje na uifunge isiteleze. Kisha uliza kama waya mwekundu una fyuzi kubwa karibu kabisa na betri. Kama hauna, siku ganda lake litakapochubuliwa na chuma chini ya kapeti, betri nzima itamwaga umeme wake hapo na gari litaungua. Kila unapoliegesha, chomoa terminali ya hasi mpaka fyuzi hiyo ifungwe.