Wenye mfumo, mmeua mtindo wa zamani wa tarehe kimyakimya, sasa wanachama wetu wanapigwa faini!

Wakuu, nina hasira, mnisamehe nikiandika ovyo.

Mimi ni karani wa mikopo kwenye SACCOS moja, chama cha kawaida tu cha akiba na mikopo, wanachama wengi ni wauza samaki na mafundi. Miaka yote marejesho tunayaandika siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka wa tarakimu mbili. 05/03/25 ni tarehe 5 Machi, hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Mwisho wa mwezi tunapakia faili kwenye mfumo, tunafunga hesabu, tunaenda nyumbani.

Sasa Jumatatu nafunga Machi, kumbe mfumo ulifanyiwa apdeti usiku. Hakuna barua, hakuna SMS, hakuna hata tangazo dogo pale unapoingiza nywila. Napakia faili: malipo ya kuanzia tarehe 13 yote yanarudishwa kwa maandishi mekundu, "tarehe batili". Hayo sina ugomvi nayo, nimeyaona. Kilichoniua ni yale yaliyopokelewa. Tarehe 1 hadi 12 mfumo umezimeza kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. 05/03 imekuwa 3 Mei. 12/03 imekuwa 3 Desemba. Yaani Machi haijaisha, mfumo unaona watu wameshalipa Desemba, wala haushtuki! Iliyosalimika ni siku moja tu, tarehe 3, kwa sababu 03/03 ukiipindua ni ile ile.

Basi mfumo ukaona Machi karibu hakuna aliyelipa, ukapiga faini za kuchelewa na kutuma SMS usiku huohuo. Asubuhi mama mmoja muuza dagaa kasimama dirishani kwangu na kitabu chake, kidole kwenye mhuri wa tarehe 5: "Mwanangu, hii si sahihi yako hii?" Ni yangu. Nikabaki naangalia kalamu.

Sapoti wanajibu nini? "Mfumo sasa unafuata kiwango cha kimataifa, andika 2025-03-05." Jamani, nani kakataa? Hiyo ISO 8601 ipo tangu 1988, mwaka unatangulia, haina utata, mimi mwenyewe naipenda. Mwaka wa tarakimu mbili acha ufe, kelele za mwaka 2000, watu walipohofia kompyuta zitaisoma 00 kama 1900, tunazikumbuka. Lakini maiti ina taratibu zake za kuzikwa. Mfano, kanuni za kiufundi za barua pepe za 2001 zilikataza programu kuandika mwaka wa tarakimu mbili, ila zikaagiza ziendelee kuusoma ukija, tena zikataja na hesabu yake: 00 hadi 49 ongeza 2000, 50 hadi 99 ongeza 1900. Hakuna kubahatisha. Nyie wenye mfumo mlishindwa nini kulikataa faili zima? Mngelikataa lote ningekasirika saa moja, nikarekebisha, yakaisha. Mmepokea nusu kwa kukisia, mmeniharibia hesabu za watu.

Eti "zibadilisheni kwenye Excel halafu mpakie upya". Tumejaribu na orodha ya wanachama yenye tarehe za kuzaliwa, maana nayo inatakiwa. Excel ya hapa ofisini ikiona mwaka 00 hadi 29 inaweka 2000, kuanzia 30 inaweka 1900. Mwanachama wetu namba 7, mmoja wa waanzilishi, kazaliwa 1928. Katoka 2028! Mzee hajazaliwa bado, ila hisa anazo na mkopo keshamaliza.

Nataka faini zote zifutwe leo, na SMS ya kuomba radhi itoke kwa jina la wenye mfumo, si letu. Jibu tangu Jumatatu ni moja, "tunalifanyia kazi".

Kama kuna mdau humu yamemkuta haya na akafanikiwa kurudisha data za kabla ya apdeti, naomba aje PM. Mimi niko ofisini na vile vitabu, narudia malipo moja moja kwa mkono.