Jodari wa Ulaya hupimwa, wa sokoni kwetu je?

Mleta mada, Malindi

Assalaam aleikum, jamaa wa pwani. Na wengine wote, habari zenu.

Hoja hii najua itawaudhi watu ninaowapenda, akiwamo shangazi yangu aliyenisomesha kwa pesa za samaki wa kukaanga. Nasema hivi: jodari, sehewa, nguru na vibua wasiuzwe sokoni kwetu kama hawakulazwa kwenye barafu tangu walipovuliwa. Na gharama ya barafu hiyo asiachiwe mvuvi wala mchuuzi peke yake.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha samaki wa kusafirishwa, upande wa ukaguzi. Shehena ya jodari ikiingia tulichagua samaki tisa, tukakata kipande kwa kila mmoja, tukapima histamini. Sheria ya Ulaya haina mzaha. Wastani wa wale tisa usipite miligramu 100 kwa kilo. Wawili tu ndio wanaoruhusiwa kuwa baina ya 100 na 200. Akipatikana hata mmoja aliyevuka 200, mzigo wote umekataliwa. Basi nahodha aliyekosa barafu safari hiyo hakuja kiwandani kabisa, kwa sababu alijua atarudishwa. Alikwenda sokoni, na sokoni hakuna aliyemuuliza kitu.

Kwa wasioijua histamini: ndani ya nyama nyekundu ya samaki hawa mna kitu ambacho vijidudu vya mashavuni na matumboni hukigeuza kuwa sumu, samaki akikaa na joto kwa saa chache. Vijidudu hufa jikoni. Sumu haifi. Umkaange, umchemshe, umtie kwenye friza, ipo pale pale. Mlaji hupata uso mwekundu, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, pengine mwili mzima unatoka vipele. Wengine husikia ulimi ukiwawasha kama wamelamba pilipili. Mtoto wa dada yangu ilimpata hivyo baada ya chakula cha mchana, tukamkimbiza zahanati, tukaambiwa "ana mzio wa samaki, asile tena". Wiki iliyofuata alikula samaki aina ya changu, hakupata kitu. Hana mzio wowote yule mtoto. Alikula jodari aliyeshinda juani.

Mwezi wa kaskazi uliopita nilikwenda na kipimajoto changu cha zamani. Saa tano asubuhi, jodari wawili juu ya gunia chini ya mwarobaini, macho yanang'aa, mashavu bado mekundu. Ukiwatazama utasema wamevuliwa sasa hivi. Nikachoma sindano karibu na uti wa mgongo: nyuzi 27. Nikamuuliza kijana wamevuliwa lini, akasema alfajiri. Sikununua, lakini waliokuwa nyuma yangu walinunua.

Naomba tujadili bila matusi.

Mama wa Shela, Malindi

Mwanangu, nimesoma yote. Mimi ndiye huyo shangazi yako, au mwenzake, kwa sababu na mimi nakaanga samaki jioni kando ya njia mwaka wa 22 huu. Namtia ndimu, chumvi, kitunguu thomu, pilipili, namwacha ashike, ndipo namtia kwenye mafuta. Sijaua mtu.

Sasa nieleze. Barafu ya kutosha beseni langu naipata wapi kila siku, na stima ikikatika? Mkipitisha sheria hiyo, atakayekamatwa ni nani? Mwenye lori la friji hakamatwi, ana makaratasi. Nitakamatwa mimi. Samaki wangu watamwagiwa dawa mbele ya watoto, na jioni hakuna ugali. Hayo tumeyaona kwa maziwa, tumeyaona kwa vibanda wakati wa kipindupindu. Ulaya wana haki ya kuchagua kwa sababu wamelipa. Sisi tunauziana tulichonacho.

Mleta mada

Shikamoo mama. Kuhusu nani atakayekamatwa uko sahihi, na ndiyo maana nimesema gharama isiwe juu yenu. Lakini hapo kwenye ndimu na moto sikubali, niwie radhi. Ndimu huondoa shombo, na moto huua vijidudu. Histamini ikishaingia nyamani haitoki kwa ndimu wala kwa mafuta yanayochemka. "Sijaua mtu" naiamini, kwa sababu wengi hupona siku hiyo hiyo na hawarudi kukwambia. Watakwambiaje, ikiwa wenyewe wanadhani ni mzio?

Nahodha, Kizingitini

Na mimi niseme, maana hii barafu tunaizungumza kama mvua. Barafu ina mwenyewe.

Kwetu huku tajiri ndiye mwenye kasha na barafu. Akikupa, samaki wako ni wake, kwa bei yake, na nyavu zako pengine pia ni deni lake. Ukienda kuuza kwengine, safari ijayo unatoka baharini na ndoo tupu. Tazama kamba tunaowatoa kwa biashara ya nje. Kamba akiwa hai, ana bei. Akifa tu, mnunuzi hamtaki, hata kama amekufa njiani kwa sababu boti la tajiri mwenyewe limechelewa. Hasara ni ya aliyezamia. Hivyo ndivyo makampuni yanavyojikinga na hatari, ndugu zangu: wanaisukuma chini mpaka inamfikia mtu asiye na wa kumsukumia.

Kwa hiyo mimi naunga mkono barafu, napinga sheria. Wekeni mtambo wa barafu bandarini, mikononi mwa BMU, yaani kamati ya wavuvi ya ufuoni, kila mtu anunue kwa bei moja. Baada ya hapo, atakayeuza samaki asiyelazwa kwenye barafu mumkamate, hata akiwa mimi. Kutanguliza askari kabla ya barafu ni dhulma.

Mwalimu, Watamu

Nitasema lisilopendwa. Hofu nayo huua, huua soko. Mwaka 2011 Ujerumani walipatwa na kuhara damu kulikoua watu zaidi ya 50. Wakubwa wa Hamburg wakasimama mbele ya kamera wakataja matango ya Hispania. Wakulima wa Hispania wakamwaga mazao yao, watu wakaacha mboga Ulaya nzima. Baadaye ikabainika si matango. Ilikuwa miche ya uwatu iliyooteshwa Ujerumani kwenyewe, na mbegu zilitoka Misri. Uwatu, jamani, huu huu tunaomnywesha mzazi ili apate maziwa. Yule mkulima wa matango nani alimrudishia jina lake?

Leo tukiandika hapa "jodari wa Malindi ana sumu", kesho hoteli zitaagiza samaki wa kopo, na mvuvi wetu ataumia hata yule mwenye barafu. Kwanza pimeni, mpate ushahidi, ndipo mseme.

Mleta mada

Mwalimu, kisa cha uwatu nakikubali chote, na kinanifunza kutomtaja mtu kwa dhana. Lakini kuna upande wa pili. Afrika Kusini, mwaka 2017, watu walianza kuugua listeria, ugonjwa wa vijidudu vya chakula, wakiwamo watoto wachanga wengi. Chanzo, poloni ya kiwandani, aina ya soseji nene, kilitangazwa Machi 2018. Waliougua walipita 1,000, waliokufa walipita 200. Muda wote huo poloni ilikuwa madukani, na watu wanawafungia watoto mkate wa shule. Ushahidi ulikuwa ukitafutwa kwa haki, naam, lakini waliokuwa wakilipa gharama ya kusubiri ni walaji.

Kwetu hatuna haja ya kusubiri kiasi hicho, kwa sababu histamini si kitendawili. Viwanda vinaijua tangu zamani, vina barafu, vina maabara, vina daftari la joto linaloandikwa kila saa. Kinachoniuma ni kwamba elimu yote hiyo inaishia getini. Kiwanda kinapokataa mzigo wa boti fulani, hakuna anayelazimika kupiga simu sokoni. Ningetaka sheria ianzie hapo: aliyekataa samaki kwa sababu ya sumu, amwarifu afisa wa afya wa kaunti siku hiyo hiyo, na samaki ateketezwe kwa fidia.

Kuna jambo jingine linalonipa wasiwasi zaidi ya histamini. Bahari inapata joto. Matumbawe yetu yaliungua vibaya mwaka 1998, na juu ya matumbawe yaliyokufa huota mwani ambao vijimea vyenye sumu hupenda kukaa humo. Samaki wadogo wanaula, chewa na mzia wanakula wadogo, sumu inajikusanya. Visiwa vya Réunion na Morisi wanaujua ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo, ciguatera. Sumu hiyo haina harufu, haina ladha, na barafu haisaidii kitu. Nani hapa kwetu anaitafuta? Ikiwa tumeshindwa na ile inayozuilika kwa barafu, hii ya pili tutaikabili vipi?

Nahodha, Kizingitini

Wazee wetu walikuwa wakijua samaki gani aliwe, mwezi gani, na upande gani wa mwamba. Bunju, samaki mwenye sumu, hakuna aliyemgusa. Elimu hiyo tusiidharau.

Muuguzi, Lamu

Baba nahodha, siidharau, lakini elimu ya macho ina mwisho wake. Machi 2024, kule Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula kasa. Pemba hiyo hiyo watu saba walikuwa wamekufa kwa kasa mwaka 2021. Hao ni watu wa bahari kama sisi. Kasa mmoja huliwa watu wakapona, mwingine huua, na kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Nataka kuongeza la kwangu. Mgonjwa akija amewiva uso na vipele, tunampa dawa ya mzio, anapata nafuu, tunaandika "mzio", anakwenda zake. Sijawahi kuona fomu inayouliza: ulikula samaki gani, ulimnunua wapi, nani mwingine alikula? Maswali matatu tu. Wakija wanne siku moja waliokula jodari wa boti moja, hapo mwalimu amepata ushahidi wake bila maabara ya Ulaya. Na tusiisubiri Nairobi kwa kila kitu. Katiba ya 2010 imeipa kaunti leseni na usimamizi wa wauza chakula, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya chakula cha ubora unaokubalika. Hakikusema mtu wa Ulaya.

Mama wa Shela, Malindi

Nimerudi. Mleta mada alikuja jana kwangu na hicho kipimajoto chake, kama nilivyomtaka. Tulishuka bandarini boti zilipoingia. Samaki wa kwanza alikuwa kwenye kasha la barafu, nyuzi 3. Wa pili, wa kijana ninayenunua kwake kila siku, alikuwa amefunikwa gunia bichi tu, nyuzi 26. Nimemshika kwa mkono wangu, vuguvugu kama uji uliopoa.

Nimemkataa. Kijana amekasirika, maana ana mke na mtoto mchanga, na mafuta ya boti alikopa. Pesa ya samaki yule nimempa nusu kwa sababu ni kama mwanangu. Nusu iliyobaki, nyinyi mnaojua sheria na katiba, niambieni inatoka kwa nani.