Msaada wakuu: mkono wa baba umefunga ngumi tangu apate kiharusi, naufunguaje bila kumuumiza?

BintiMzee:
Habari zenu wakuu, naomba mnisomee mpaka mwisho maana ni ndefu kidogo. Baba yangu ana miaka 61, tupo Morogoro, mwaka jana mwezi wa tatu alipata kiharusi upande wa kulia wote ukalala. Mwanzoni mkono ulilegea kama kitambaa, ukiuinua unaanguka, kama mwezi na nusu hivi ukaanza kukaza tukafurahi tukajua ndo nguvu zinarudi. Kumbe ukawa unazidi tu kujikunja, sasa hivi kiwiko kimekunjika, mkono umebana kifuani, vidole vimefunga ngumi na dole gumba limo ndani. Kucha zinamchoma kiganja, pamefanya kidonda na panatoa harufu, kumsafisha pale ni kilio kwake na kwangu. Usiku mguu nao unanyooka ghafla unakuwa mgumu kama gogo anaamka, halafu akikaa kwenye kiti ncha ya mguu ikigusa chini unatetemeka wenyewe tutututu hauachi.

Hospitali walitupa baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, nusu kidonge cha miligramu 10 mara tatu kwa siku, akawa anasinzia kutwa nzima hata uji anashindwa kumaliza nikaogopa, siku ya nne nikaacha kumpa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Baba akipiga miayo ule mkono mbovu unainuka wenyewe mpaka usawa wa bega. Baba mdogo aliona hivo akasema "kumbe kaka unaweza, unajidekeza tu". Tangu siku hiyo kila akija anamkamata vidole anavivuta kwa nguvu eti anamzoesha. Jumapili baba alitokwa machozi, na mimi sijawahi kumwona baba analia hata siku ya kumzika bibi. Naomba kujua, ni kweli anajidekeza? Na huu mkono naufunguaje?

Nyundo_ya_Shaba:
Pole sana dada. Mzee wetu alikua hivo hivo, chemsha maji yawe ya moto kweli kweli, mkande na taulo asubuhi na jioni halafu mchue na mafuta ya nyonyo huku unavivuta. Misuli imelala hiyo inataka kuamshwa, ukimwonea huruma ndo unamlemaza.

Mnyoosha_Viungo:
Nyundo najua umesema kwa nia njema ila hapo kwenye maji ya moto naomba usimamishe kabisa, dada usifanye. Upande uliopigwa na kiharusi mara nyingi hausikii joto vizuri, nimewaona wazee wameungua mpaka ngozi imetoka na wao wanasema maji yako sawa. Ukitaka kukanda weka maji ya uvuguvugu na upime kwa kiwiko chako wewe.

Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo kwa hiyo nivumilie nieleze kidogo. Misuli hiyo haijalala, iko macho kupita kiasi. Kwa kawaida msuli ukivutwa ghafla unajibu kwa kujikaza, na jibu linatoka kwenye uti wa mgongo hapo hapo bila kungoja ubongo, ndo maana daktari akikugonga chini ya goti mguu unaruka. Sasa ubongo kazi yake siyo kuamrisha tu, muda wote unatuma pia ujumbe wa kutuliza hayo majibu yasizidi, kiharusi kikikata ile njia msuli unabaki hauna wa kuutuliza. Ukiuvuta haraka unakaza zaidi, ukiuvuta taratibu unakubali. Kwa hiyo baba mdogo anapovuta kwa nguvu anaukaza yeye mwenyewe kwa mikono yake, na anaweza kumchana mishipa au kumtegua kidole.

Hiyo ya miayo ni kitu kinachojulikana kabisa. Miayo inaendeshwa na sehemu ya chini ya ubongo ambayo kwake ni nzima, inaubeba mkono bila yeye kuamua. Mwambie ainue bila miayo uone atakavyohangaika, anataka kuliko nyie wote. Baba HAJIDEKEZI.

Kuufungua fanya hivi, akiwa amelala au amekaa ametulia na mkono umeegemea mto. Usianze na vidole. Shika kifundo cha mkono kikunje taratibu kuelekea ndani, yaani kiganja kielekee upande wa mkono wake, zile kano za vidole zitalegea zenyewe utaona ngumi inapungua. Ndo sasa ushike dole gumba kule kwenye shina siyo kwenye ncha, ulitoe nje pole pole, vidole vinne vitafuata. Osha, kausha vizuri katikati ya vidole, kata kucha, weka kitambaa safi cha pamba ulichokikunja kama mrija. Vikishafunguka ndo unanyoosha vidole na kifundo pamoja, ukifika pale panapogoma usilazimishe, tulia hapo hapo nusu dakika mpaka dakika nzima anapumua, utasikia inaachia. Rudia mara kadhaa kila siku. Na usimwinue kitandani kwa kumvuta mkono ule, bega la mgonjwa wa kiharusi linashuka kirahisi sana. Kile kidonda kionwe zahanati.

Mama Wawili:
Mdogo wangu pole mno. Mwanangu ana mtindio wa ubongo ana miaka 9 sasa, hilo la kukaza nalijua usiku na mchana. Baklofeni hata sisi ilitusinzisha mwanzoni, daktari akashusha akaanza na dozi ya usiku tu halafu akapandisha kidogo kidogo, ikakaa vizuri. Rudi ukawaambie kilichotokea wapange upya, na mtaje kama ana shida ya figo. Ila ushike hili, siku ukija kuitumia kwa muda mrefu usije ukaikata ghafla kama ulivyofanya, mtu anaweza kupata degedege, homa kali, hata kuona vitu ambavyo havipo. Inapunguzwa polepole na daktari. Hakikisha hamuishiwi.

Uliza pia kifaa cha kushikilia mkono usiku, wanakitengeneza kwa kipimo cha mkono wake. Sisi tulianzia hospitali ya CCBRT, Dar. Hata hospitali ya KCMC Moshi wana wataalamu wa vifaa saidizi, maana pale ndo kipo chuo cha TATCOT kinachowafundisha. Na kuna sindano za Botox kwenye misuli yenyewe, zinalegeza kama miezi mitatu hivi, lakini ni ghali na bila mazoezi hela imepotea.

Konda_Mstaafu:
Niongee kama mgonjwa mwenyewe. Mimi niliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya gari miaka 8 iliyopita, miguu yangu inakaza kila siku ya Mungu. Dada huo mguu wa usiku usiuchukulie kama ni kukaza tu, mguu unasema kitu. Mi nikiona inakaza kuliko kawaida naanza kukagua, choo nimepata lini, mkojo una harufu au unauma, kuna kidonda makalioni, ukucha umeingia kwenye nyama, suruali imebana wapi. Mara nyingi ni yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nikitibiwa mkojo na miguu inatulia. Sasa baba yako ana kidonda kwenye kiganja, hicho peke yake kinatosha kuukaza mkono, yaani ngumi inafanya kidonda na kidonda kinakaza ngumi.

Akianza kutetemeka bonyeza goti kwa juu mpaka kisigino kiguse chini kabisa, utatulia.

Jingine, usiombe walegeze kila kitu. Mimi nilizidishiwa dozi nikaanguka chooni kwa sababu ule ugumu ndo niliokua nausimamia. Waambie unataka mkono ufunguke usafishwe na usiku alale, mguu anaosimamia wauangalie kwa makini.

BintiMzee:
Nimelia nikisoma hapa. Jioni nakaa na baba mdogo namsomea yote. Naanza na kidonda, kesho tunaenda.

BintiMzee (wiki tatu baadaye):
Wakuu nimerudi. Mkojo ulikua na maambukizi kweli, kapewa dawa na usiku analala mpaka alfajiri. Baklofeni tumeanza upya nusu kidonge usiku tu, kusinzia kumepungua. Kidonda kinakauka. Ile ya kukunja kifundo kwanza siku ya kwanza sikuamini, dole gumba lilitoka baba hajasema hata aah.

Baba mdogo nilimsomea akanyamaza kimya muda mrefu, kesho yake akaja na mkasi wa kucha. Sasa hivi Jumapili yeye ndo anamkata, anaanza na kidole kidogo, wanaongea habari za shamba lao la Mvomero.

Kifaa cha usiku bado tunakusanya hela, Mama Wawili nitakutafuta inbox kuuliza bei.

Mama Wawili:
Karibu sana mdogo wangu, njoo na kipimo cha upana wa kiganja.