Mrejesho: balbu ya volti 12 na ukinzani usiolingana

Asanteni sana wakuu. Kwa waliochelewa: niliuliza kwa nini balbu yangu ya waya ya volti 12 ilinipa majibu mawili ya ukinzani (yaani kiasi inavyozuia mkondo wa umeme). Ikiwaka ilikula ampea 1.75, kwa hiyo ukinzani ni 12 ÷ 1.75, kama omu 6.9, na nguvu ni 12 × 1.75, wati 21. Lakini nikiipima kwa mita ikiwa imezimwa, napata omu 0.8 tu! Nilishaanza kuilaumu mita.

Mita haina kosa. Kwanza nilifanya mlivyoniambia, nikagusanisha ncha zake mbili: ikasoma 0.2. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, kwa hiyo balbu ikiwa baridi ni omu 0.6. Ingebaki hivyo, ingevuta ampea 20 na kutoa wati 240, ingeungua palepale. Kumbe waya wa tungsteni ulio ndani ya balbu ukipata joto, ukinzani wake unapanda zaidi ya mara kumi.

Kilichonimaliza kabisa ni jaribio la volti 6. Nilitarajia mkondo ushuke nusu, yaani ampea 0.875. Nikapata 1.2! Piga hesabu: omu 5, wati 7.2. Waya umepoa kidogo, ukinzani nao ukashuka.

Basi nimefuta ile 6.9 niliyoiandika kwa kalamu ya wino (ujeuri huo) kama ukinzani wa balbu. Sasa nimeandika: omu 6.9 kwa volti 12.