JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria: kuruta jasiri ni yupi, anayevumilia kimya au anayesema naumwa?

MLETA MADA
Habari zenu wadau. Nyumbani kwetu wiki hii hakukaliki. Mpwa wangu kamaliza form six, jina limetoka, kapangiwa kambi ya mbali, dada yangu analia hataki aende, shemeji anasema lazima aende akakomae, na binti mwenyewe kanipigia usiku kaniuliza swali moja tu, anko wewe ulikuwa unaogopa? Nikamwambia ndiyo, niliogopa. Nimeona nilete hapa maana ubishi wetu ndo ubishi wa nyumba nyingi kila ikifika mwezi wa sita.

Msimamo wangu niuweke wazi. JKT ya lazima iendelee, mimi naikubali. Ninachokipinga ni hii imani kwamba kuruta (kijana aliyeko mafunzoni) jasiri ni yule anayeumia na kunyamaza.

Nilipita huko baada ya mafunzo kurudishwa 2013 (yalikuwa yamesitishwa tangu 1994), kambi siitaji. Filimbi inalia saa kumi alfajiri giza totoro, dakika chache uko nje na bukta ya bluu na fulana ya kijani, kamba za raba hujafunga vizuri, mchakamchaka unaanza, wa mbele anatoa wimbo mnaitikia mpaka unasahau kama miguu ni yako. Halafu usafi, chai, kwata (mazoezi ya gwaride), shamba, kwata tena. Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu siku, wiki ya nne nikaacha. Jirani yangu upande mmoja alikuwa mtoto wa mwenye pesa wa Dar hajawahi kufua soksi zake mwenyewe, tunafunga mafunzo alikuwa anafua na za wenzake walioko lindo. Hilo silidharau hata kidogo.

Upande wa pili alilala jamaa mmoja mpole, mtoto wa mkulima. Raba zake alizinunua stendi siku ya safari, siku ya pili tu kisigino kikachubuka. Malengelenge yakapasuka, soksi ikagandia kwenye kidonda, usiku anailowesha na maji ya kwenye kopo ndo anaivua taratibu huku kang'ata shuka asisikike. Nikamwambia kesho kajiandikishe mgonjwa, akasema hapana, wataniita mtegaji. Mliopita mnalijua hilo neno, mtu anayejifanya mgonjwa ili akwepe kazi, likikushika halikutoki mpaka siku ya kufunga. Akakimbia siku tano hivyo hivyo. Ya sita mguu umevimba mpaka kwenye kifundo, homa kali, akabebwa. Afande mmoja, na huyu nampa heshima yake, akauliza hanga (bweni) zima, nyie mliokuwa mnamuona mbona hamkusema? Kimya. Mimi nililala hatua moja kutoka kwake.

Ndo nauliza, ujasiri pale ulikuwa wapi? Na huyu binti nimwambie nini?

MZEE WA ZAMANI
Kijana pole, lakini nyie mlikaa miezi mitatu, sisi tulikaa mwaka. Hii hofu wala sio mpya. Sheria ya lazima ilipokuja 1966 wasomi walitakiwa miaka miwili, miezi ya mwanzo kambini na inayobaki wafanye kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar wakaandamana mpaka Ikulu, wengine na mabango kwamba afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300, na yeye mwenyewe akajikata mshahara wake asilimia 20. Kumbukeni nchi ilikuwa imetoka kwenye maasi ya wanajeshi Januari 1964, jeshi la kikoloni lilivunjwa na jipya likaundwa kwa vijana wetu, JKT ikiwa imeshaanzishwa tangu Julai 1963. Watu waliona nchi haiwezi kulindwa na watu wasioijua. Mimi nililala hanga moja na Mhaya, Mngoni, Mmakonde na Mpemba, na mpaka leo tunazikana. Binti aende. Lakini kuhusu huyo mwenzio mwenye kidonda nakuunga mkono, sisi kombania yetu (kikosi chetu kambini) ilikuwa ni aibu kubwa mtu kuanguka na wenzake hawana habari.

MAMA WA WATATU
Shikamoo mzee. Nimekusoma na nakuheshimu ila nina neno. Mimi wangu wa pili ana pumu. Mnasema ujasiri ujasiri, mtoto aliyeandikiwa kwenye tangazo aripoti tarehe fulani kwa sheria, huo ujasiri wake uko wapi kama hakuulizwa? Aliyeamua mwenyewe ndo jasiri. Na orodha ya vitu je, bukta, raba, shuka za bluu bahari mbili, soksi nyeusi, traksuti, nauli, mama wa kuuza vitumbua anavipata wapi kwa wiki mbili? Zanzibar wenzetu wana JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) yao, huku Bara wanaitwa wahitimu wa shule zote, basi na maandalizi yawe ya watoto wote, wa mwenye nacho na wa asiye nacho.

SM WA KUJITOLEA
Mama umegusa penyewe, aliyeamua mwenyewe. Mimi nilikwenda wa kujitolea, miaka miwili, mnatusahau sana kwenye hizi mada. Wa mujibu anajua mwezi wa tisa yuko nyumbani anasubiri chuo. Sisi tunaingia mikono mitupu tukijua mkataba hausemi popote kwamba utaajiriwa. Ukuta wa Mirerani kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanite waliujenga vijana wa JKT, ulizinduliwa Aprili 2018, nendeni mkauone. Aprili 2021 tukasikia Jenerali Mabeyo, Mkuu wa Majeshi wakati ule, akitangaza vijana 854 wameondolewa makambini baada ya kugoma wakidai ajira. Jeshini hakuna mgomo, hilo nalijua na sitalitetea, lakini moyo wa kijana aliyebeba tofali miaka miwili halafu anarudi kijijini na begi lile lile nani anaupima? Kwangu kuruka mtaro na kutambaa kwenye tope ni kazi ya wiki chache, mwili unazoea. Kazi kubwa ni kuamka saa kumi mwezi wa kumi na nane wakati hujui kesho yako.

MWANA WA MOMBASA
Huku Kenya tulikuwa na NYS (National Youth Service, kama JKT yenu) ya lazima kwa wanaoingia chuo kikuu, 1984 hadi 1990, ikaachwa. Kaka yangu mkubwa alipita, asema alifunzwa kuamka mapema na kuheshimu mkono wa mkulima. Lakini pia asema wengine walirudi na chuki tu. Yategemea sana ni nani aliyekuwa akikusimamia.

MKUFUNZI MSTAAFU
Nimesoma yote nimeshindwa kupita kimya. Nimefundisha kuruta miaka mingi. Watega wapo tena wengi, kila asubuhi unaletewa tumbo, kichwa, mgongo, na ukiwaachia wote paredi inabaki na watu kumi. Ndo maana mkufunzi anakuwa mkali. Lakini kutofautisha mtega na mgonjwa ni sehemu ya kazi yake, na miguu hupimi kwa maneno, unamwambia vua raba, unaiangalia. Mkufunzi anayelitupa hilo neno mtegaji kabla hajavua mtu soksi hajui kazi, basi. Tunamfunza kuruta atii ili amri ikitoka asibishane, hatumfunzi afiche kidonda, kwa sababu lindoni akificha homa akalala, wanaoumia ni wenzake wote.

Mama wa watatu, nenda na cheti cha daktari, mtoto akiripoti tu aseme ana pumu siku ile ile ya kupimwa, asisubiri mchakamchaka umwambie. Wenye ulemavu unaoonekana huelekezwa waripoti kambi ya Ruvu, ndiko kwenye miundombinu yao, kwa hiyo kusema hali yako sio uoga, utaratibu wenyewe unakutaka useme. Na raba jamani, raba zinunuliwe mapema zivaliwe wiki mbili nyumbani.

MLETA MADA
Nawashukuru wote, mzee shikamoo. Mama, la orodha uko sahihi kabisa, nilikuwa sijaliwaza, nimeanza kuongea na wenzangu wa kombania tuone kama tunaweza kuwanunulia raba na shuka watoto wa mtaani kwetu waliopangiwa mwaka huu. SM, na wewe nimekuelewa, la wa kujitolea linastahili uzi wake.

Kwenye la kulazimishwa bado tunapishana mama yangu. Kweli sheria ndo iliyonipandisha basi. Lakini ile saa jamaa anang'ata shuka hakukuwa na sheria ya kunilazimisha nitoke nikamwite afande wa zamu, ilikuwa hiari yangu mwenyewe, na sikutoka. Naijua saa yenyewe mpaka leo, mvua ilikuwa inapiga bati.

Jana baada ya kusoma haya nilimtafuta kwa simu. Yuko Songea, analima mahindi, kovu analo. Nikamwomba radhi kwa zile siku tano. Akakaa kimya kidogo, akasema mimi mwenyewe nilikukataza, halafu akasema angekuwa na mtoto wa kwenda angemwambia siku ya kwanza kabisa amshike mkono jirani yake wa kitanda, wapeane ahadi kwamba mmoja akiumia mwingine anakwenda kusema.

Nimemfikishia mpwa wangu kama nilivyoambiwa. Akauliza, na akinichukia je nikimsema? Nikamjibu akuchukie, wewe kaseme. Anakwenda Jumatatu. Raba kashazipata, toka asubuhi anazunguka nazo uani, na dada kaacha kulia, yuko anamshonea mpira wa bukta.